Utafiti wa kinga ya kurithi: muulize mama mtoto kabla hujawaza mashine

Wadogo zangu mnaosoma udaktari, maabara na baiolojia wengi mnaniuliza swali moja, eti nitaingiaje kwenye utafiti wa magonjwa ya kinga ya kurithi wakati huku kwetu mashine za kusoma jeni ni za kutafuta kwa tochi, na jibu langu siku zote ni lilelile, mashine ndo kitu cha mwisho. Hii kazi nimeifanya miaka mingi sasa, kidogo nje ila sehemu kubwa hapahapa Tanzania, na karibu kila kitu cha maana tulichokipata kilianzia kwa mama aliyekaa na mtoto wodini akituelezea, kompyuta ilikuja baadae sana.

Kwa ambaye hajui, haya ni magonjwa ambayo mtoto anazaliwa na hitilafu kwenye jeni inayohusika na kinga ya mwili. Hajaambukizwa na mtu, hajalogwa, kazaliwa nayo. Orodha ya kimataifa ya mwaka 2022 ilikuwa imefika magonjwa 485 na inazidi kurefuka. Kila moja peke yake ni la nadra lakini ukiyajumlisha sio nadra hivyo, ni kwamba hatuyatafuti.

Angalia fani yenyewe ilivyoanza. Mwaka 1952 Ogden Bruton, daktari wa watoto wa jeshi la Marekani pale hospitali ya Walter Reed, alikuwa na mvulana mmoja wa miaka 8 anayeugua maambukizi makali, anapona, anarudi tena na vimelea vya aina ileile. Akapima protini za kwenye damu akakuta lile fungu lenye kingamwili, yani protini zinazopambana na vimelea, halipo kabisa, akaanza kumchoma kingamwili za watu wengine kila mwezi na mtoto akatulia. Mgonjwa mmoja tu! Jeni lenyewe, BTK, lilikuja kujulikana 1993, yani miaka zaidi ya arobaini baadae, lakini mtoto alishatibiwa zamani kwa sababu kuna daktari aliona ajabu mahali wenzake walikuwa wanaandika dawa tu na kumruhusu aende nyumbani.

Sasa njoo kwenye maswali yenyewe maana hapa ndo penye kazi. Mama akikwambia mtoto alikuwa mzima kabisa mpaka alipofika kama miezi sita ndo balaa likaanza, usipitishe hiyo sentensi kama stori, hiyo ni data, kwa sababu mtoto anazaliwa na kingamwili za mama yake alizopewa kupitia kondo na zinaisha taratibu ndani ya hiyo miezi, sasa kama mwili wake hauwezi kutengeneza za kwake ndo utaona nimonia na masikio kutoa usaha vinaanza kufuatana. Halafu uliza wajomba. Wengi wanauliza ndugu wa mtoto wanaishia hapo, ila baadhi ya haya magonjwa, likiwemo hilo la Bruton, jeni lake liko kwenye kromosomu X, mama analibeba bila yeye kuumwa na wanaougua ni watoto wa kiume, kwahiyo unamuuliza mama, kwenu mlizaliwa wangapi, wavulana wangapi walifariki wadogo, walikuwa wanaumwa nini. Na uliza kama baba na mama ni ndugu, uliza kwa heshima, maana kwenye familia za binamu kuoana yale magonjwa yanayohitaji nakala mbovu kutoka pande zote mbili yanaonekana zaidi. Chora ukoo kwenye karatasi mbele yake, mara nyingi ukianza kuchora bibi aliyekaa pembeni kimya ndo anaongea.

Kwetu kuna jambo lingine. Mtoto mwenye utando mweupe mdomoni usioisha, anakonda, nimonia juu ya nimonia, wote tunawaza HIV, na ni sahihi kuwaza hivyo, apimwe. Shida ni pale kipimo kinarudi hana, kinarudiwa hana, mama amepimwa hana, na bado watu wanarudia tu au wanamwanzishia dawa za TB bila kujiuliza kitu kingine. Majibu yakishakuja hana HIV na dalili ndo hizo, hapo utafiti wako umeanza. Fungua ile FBP, kipimo cha picha kamili ya damu, iliyoko kwenye faili tayari, usiangalie HB na jumla ya seli nyeupe peke yake, shuka mpaka kwenye idadi ya limfosaiti, aina ya seli nyeupe zenye kazi kubwa kwenye kinga. Kwa mtoto mchanga wa miezi michache zikiwa chini ya 3000 shtuka, rudia kipimo, maana kwa mtu mzima hiyo namba ni ya kawaida kabisa ila kwa mtoto sio, na mashine nyingi zinatoa majibu kwa viwango vya watu wazima kwahiyo hazitakuwekea alama yoyote.

Na kama unahisi hivyo, chukua damu kabla hajaongezewa damu. Ukichelewa utakuwa unapima kingamwili za mchangiaji. Kama unahisi kinga imekosekana kabisa damu ya kumuongezea inatakiwa ipigwe mionzi kwanza, kwa sababu seli nyeupe za mchangiaji zinaweza kumshambulia mtoto mwenyewe asiyeweza kuzizuia.

Tuongelee BCG, ile chanjo ya TB, maana hapa watu wanapotosha. BCG ichomwe, nchi zetu zina TB na kwa karibu watoto wote ni salama. Ila ndani yake kuna bakteria hai aliyedhoofishwa, na kwa mtoto asiye na kinga huyo aliyedhoofishwa anaweza kusambaa mwili mzima. Mwaka 1996 makundi mawili ya watafiti, moja la Ufaransa alikokuwa Jean-Laurent Casanova na lingine la Uingereza alikokuwa Melanie Newport, walionyesha kuna watoto ambao kipokezi cha intaferoni gama, ujumbe ambao seli za kinga zinatumiana ili ziue vimelea, kina hitilafu, na bakteria wa jamii ya TB ambao mimi na wewe hawatudhuru wanawaua watoto hao. Kwahiyo ukikutana na mtoto ambaye jipu la BCG limesambaa, tezi zimevimba na hana HIV, mshike huyo, usimruhusu apotee kwenye rufaa.

Vifaa sasa. Zile mashine za kuhesabu CD4, seli za kinga zinazoshambuliwa na HIV, zilizoletwa kwa ajili ya HIV, zile kubwa kama FACSCalibur, zinaweza kuhesabu zaidi ya CD4. Ukipata kemikali ya kutambua CD19, alama iliyoko juu ya seli B, unahesabu hizo seli B ambazo ndo chanzo cha kingamwili, na mvulana asiye na seli B na asiye na kingamwili umeshafika karibu kabisa na jibu bila kusoma jeni lolote. Tafuta fundi aliyeizoea hiyo mashine ukae nae mpaka akufundishe kila kitu, hicho ndo chuo chako cha kwanza.

Usikubali kuambiwa mgonjwa mmoja sio utafiti. Mwaka 2014 Casanova na wenzake waliandika vigezo vya utafiti wa jeni kwa mgonjwa mmoja, kwa ufupi ni hivi, badiliko hilo la jeni lisiwepo kwa watu wasio na ugonjwa huo, uonyeshe kwa majaribio kwamba linaharibu kazi ya jeni, na uunganishe huo uharibifu na ugonjwa wenyewe, mfano unaipa seli ya mgonjwa nakala nzima ya jeni unaona imerudi kufanya kazi. Kwetu sisi hicho cha kwanza ni kigumu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu hifadhidata za jeni zimejaa Wazungu, unakuta badiliko linaonekana la nadra sana kumbe ni la kawaida kijiji kizima, ni vile hakuna aliyekipima. Pima na wasioumwa wa eneo hilohilo.

Kuhusu kutuma sampuli nje, omba kibali NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na mkataba wa sampuli uandikwe mapema, pamoja na nani atakuwa mwandishi na majibu yatarudije kwa familia. Niliwahi kufanya kazi na kundi flani, sampuli zikaondoka, chapisho likatoka, wazazi hawakuwahi kuambiwa kitu. Hilo linaniuma mpaka leo.

Majibu yakirudi, usimwambie mama kwamba ugonjwa umetoka kwake halafu ukanyanyuka. Mama wa hivi mara nyingi ameshaambiwa na ukweni kwamba ana mkosi. Muite na baba, waeleze wote wawili kwamba kila binadamu ana jeni zenye kasoro na hakuna anayechagua ampe mtoto ipi, kaa nao mpaka maswali yaishe, na mpange wengine wa familia wapimwe lini.

Watu wananiambia sasa ukijua itasaidia nini wakati tiba haipo. Ipo. Septrin ya kila siku kwa mtoto ambaye seli zake nyeupe zinameza bakteria ila haziwezi kuwaua inapunguza maambukizi sana, na Septrin iko kila duka la dawa. Kingamwili za kuchoma ni ghali, hiyo kweli, na lazima tupige kelele ziingie kwenye bima. Kupandikiza uloto pia sio ndoto tena, hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wameshaanza kwa watoto wa selimundu.

Na mtoto akifariki kabla jibu halijapatikana, waombe wazazi ruhusa mhifadhi damu yake, chupa moja tu ya kizibo cha zambarau inatosha kutoa DNA na kuitunza kwenye friza. Wape namba yako ya simu, waambie mimba nyingine ikija wakupigie mapema, ili mdogo wake akizaliwa apimwe limfosaiti kwanza kabla hajachomwa BCG.