Somo anajibu: Nimestaafu ukweni Ufilipino, nyumba ina jina la mke, nirudi Tanga?

Barua ya leo imetoka Dumaguete, kisiwa cha Negros, huko Ufilipino. Ilikuwa ndefu nimeipunguza, ila maneno ni yake mwenyewe:

"Shikamoo Somo. Mimi mzee wa miaka 66, mzaliwa wa Tanga, Muislamu, pasi yangu ni ya Uingereza. Nimeendesha mabasi Reading, huko huko Uingereza, mpaka nimestaafu. Mwaka 2006 nilioa mwanamke wa Kifilipino, nesi. Mwaka jana tuliuza nyumba yangu ya Reading tukahamia kwao tukajenga. Sasa naona nimeingizwa mjini. Kiwanja kina jina lake peke yake. Mama yake anakaa na sisi, wapwa zake wawili tunawasomesha, shemeji kakopa hela ya pikipiki hajarudisha. Mezani wanaongea Kibisaya na kucheka, sijui wanamcheka nani. Kila sherehe nguruwe mzima, mimi napikiwa samaki sufuria ya peke yake kama mgonjwa. Karaoke mpaka usiku. Reading mke wangu hakuwa hivi, kwenye shughuli zetu za Watanzania alikuwa anakaa kimya kabisa, mpole. Kweli alimsaidia mama yangu alipougua lakini hayo ya zamani. Wazee wa Kizungu wa hapa wananiambia nichukue changu mapema. Kuna mtu Tanga naongea naye, wa kunishauri tu, anasema nyumbani ni nyumbani. Somo, nimpe talaka nirudi, au nidai nyumba yangu kwanza?"

Marahaba, ingawa kwa umri huo sijui nani amwamkie nani, tuyaache. Pole. Kuhama uzeeni kazi jamani, kijana anahama na begi lake basi, mzee anahama na dawa zake na mazoea yake na kiti chake alichozoea kukalia. Nakuhurumia kwa hilo. Sasa tuongee.

Hiyo nyumba kwanza maana ndio inayokunyima usingizi. Unaandika "jina lake peke yake" kama vile mwenzio alitoroka usiku kwenda kuandikisha. Mzee, Ufilipino mgeni hamiliki ardhi, imo kwenye Katiba yao ya 1987, uwe Mmarekani uwe Mjapani uwe mtu wa Tanga. Mgeni anaruhusiwa fleti kwenye jengo la kondo, yaani ghorofa ambalo kila fleti ina mwenyewe, na hapo tena wageni wote kwa pamoja wasipite asilimia 40 ya jengo, lakini kiwanja hakuna. Kwa hiyo ulitaka aandikishe jina la nani? Na Katiba hiyo hiyo imeacha mlango wa urithi, akitangulia yeye kufa, wewe mume wa halali unarithi japo ni mgeni. Hayo yote yanajulikana, hao wazee wa Kizungu unaokaa nao wanayajua vizuri sana, na mkeo nna hakika alikwambia siku ya kwanza ila wewe ulikuwa unaitikia "sawa sawa" huku unaangalia mpira.

Halafu hii "nyumba yangu ya Reading" imenikereketa. Yako ya nani? Umeoa 2006, mkaishi humo karibu miaka ishirini, mwenzio nesi wa hospitali za serikali, zamu za usiku, za sikukuu, mshahara wake ulikuwa unaingia wapi? Mie nna ndugu huko najua bei za nyumba, mshahara wa basi peke yake haumalizi mkopo wa benki kwa raha namna hiyo. Na kiinua mgongo chake je? Manesi wa zamani wa Uingereza wakistaafu wanapewa fungu lao la mkupuo, na kwenye barua yako ndefu yote sijaliona fungu hilo limekwenda wapi. Mie nadhani limo kwenye matofali ya hiyo nyumba unayotaka kuidai.

Haya, tuje Tanga. Umesema mwenyewe pasi yako ni ya Uingereza. Tanzania mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili, siku uliyoapa kwa Malkia ndio siku uliyoacha kuwa Mtanzania kisheria, moyoni baki nao tu. Na Sheria yetu ya Ardhi ya 1999 nayo inasema asiye raia hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Juzi juzi ndio serikali imeleta habari za hadhi maalum kwa diaspora, sawa, kaulizie ubalozini. Lakini hebu nijibu, ukifika Tanga leo leo unataka kununua kiwanja pale Makorora, kitaandikwa jina la nani? Si la huyo mshauri wako wa kwenye simu? Mke uliyeishi naye karibu miaka ishirini humwamini na kiwanja, ila huyo wa wasapu utamwamini. Unanichekesha we mzee.

Na pensheni, kakwambia? Uingereza ina mkataba na Ufilipino, mstaafu anayeishi huko pensheni yake ya serikali inapanda kila mwaka kama ya aliyebaki London. Tanzania haimo kwenye orodha hiyo, wala Kenya haimo. Ukihamia Tanga inagandishwa pale pale, utafika miaka 80 unapokea hela ile ile ya leo huku mchele umepanda mara ngapi sijui. Hao wanaokwambia nyumbani ni nyumbani hawajui hesabu hiyo, au wanaijua lakini wanaangalia za mwanzo mwanzo tu.

Sasa lile lililonifanya niichague barua yako kati ya zote. Umesema mkeo Reading alikuwa mpole, anakaa kimya kwenye shughuli zenu. Mpole! Alikuwa haelewi kitu baba yangu! Idi pilau, harusi, hitma, vikao vya jumuiya, wanawake jikoni wanapiga soga za Kiswahili kutwa nzima na mwenzenu kashika sahani yake anatabasamu hajui wanamcheka nani. Nani alimtafsiria? Wewe ulikuwa sebuleni na wanaume mnabishana siasa. Karibu miaka ishirini kakaa ugenini kwenu juu ya ugeni wa Uingereza wenyewe, hakuandikia somo yeyote barua. Wewe umekaa mwaka mmoja tu na Kibisaya chao umeshaona unafanyiwa njama. Kumbe sasa ndio umemwona mkeo alivyo, anaongea, anacheka kwa sauti, anaimba karaoke, na badala ya kufurahi kwamba kumbe nilioa mtu mchangamfu unasema kabadilika.

Ukifika kwa wenye chongo vunja lako jicho, ndio tulivyofundwa. Jifunze hicho Kibisaya. Kujumlisha nauli za basi uliweza, maneno mia mbili ya sokoni yatakushinda? Mbona watoto wa huko wanakuheshimu, wanachukua mkono wako wanauweka kwenye kipaji cha uso wao, shikamoo yao hiyo, na wewe nina wasiwasi unautoa mkono huku umenuna.

Huyo samaki wa sufuria ya peke yake ndio nilitaka kukurushia kiatu. Nyumba imejaa Wakatoliki, shughuli haijawa shughuli bila nguruwe wa kuchoma, na mwanamke anaamka anatenga sufuria yako, kisu chako, samaki wako, ili dini yako isiguswe. Wewe unaita kupikiwa kama mgonjwa. Wako wanaume hapa mjini wake zao Waislamu wenzao na hata chai hawapewi. Na huko vyakula si vigeni kwako hata kidogo, wanapika kwa tui la nazi, majani ya mlonge wanatia kwenye supu, muhogo upo, hata hiyo bibingka yao ni unga wa mchele na nazi, mkate wa kumimina huo. Umezunguka dunia umerudi pwani hujijui.

Ndugu wa mke sasa. Mie nimeishi Muscat miaka mingi, majirani zangu Wafilipino, mayaya, manesi, wapishi. Ikifika mwezi wa tisa, maana Krismasi kwao inaanzia hapo na nyimbo zake kabisa, utawaona wanajaza maboksi makubwa ya kutuma kwao, sabuni, viatu, maziwa ya kopo, dawa ya meno, wao wenyewe chumba kimoja watu sita. Yule aliyetangulia kupata anawavuta wadogo zake, na aliyevutwa anakaa na deni la shukrani mpaka kufa. Muulize mkeo ada ya unesi alilipiwa na nani. Mie nahisi huyo mama anayekukera hapo sebuleni anajua jibu, na huyo shemeji wa pikipiki pengine aliacha shule ili dada yake amalize. Unaita unyonyaji. Mama yako alipougua Tanga pesa ya hospitali ilitoka mfuko gani? Umeliandika haraka haraka katikati ya karaoke na wazee wa Kizungu ukadhani sitaliona. Mama yako kutibiwa ni "ya zamani", mama yake kulala chumba cha pili ni utapeli!

Shemeji simtetei moja kwa moja, deni ni deni. Lakini hayo yanapangwa. Kaeni wewe na mkeo mseme kila mwezi familia fungu lao hili, ada mnalipa wenyewe shuleni, anayetaka pikipiki asubiri. Na mwenye kuwaambia ndugu zake ni yeye, wewe nyamaza.

Hao wazee wa pale Rizal Boulevard wanaokaa wanaangalia bahari na chupa ya bia tangu asubuhi, nawafahamu bila kuwaona, kila mji wa wastaafu wapo. Mmoja kaachwa, mwingine kaoa binti wa miaka 24 anashangaa anaombwa hela, wa tatu hajaongea na wanawe miaka. Hao ndio wamekuwa washenga wako wa talaka? Chukua changu mapema, changu kipi?

Na ndoa za siku hizi ndio zilivyo, si yako tu. Watu wanaoana wanapishana mlangoni, huyu anatoka zamu ya usiku yule anaingia ya asubuhi, wanaonana Jumapili wamechoka wote, mambo yanakwenda, wanajisifu hatujawahi kugombana. Mtagombana saa ngapi? Siku wanastaafu ndio wanakutana, saa ishirini na nne uso kwa uso, na kila mmoja anagundua mwenzie anakoroma, anapenda ndugu zake, ana maoni. Zamani tulifundwa kuishi na mtu, leo watu wanafundishana kupiga picha za honimuni. Halafu wakishindwa simu iko mkononi, kuna mtu mahali yuko tayari kukushauri usiku wa manane na picha ya kanga juu. Nimezisoma barua za namna hii nyingi na huyo "wa kunishauri tu" hakosekani, anakaa mistari ya mwisho mwisho, na huwa ndiye aliyeiandikisha barua.

Talaka unayoizungumzia unajua iko wapi? Ufilipino talaka ya mahakamani hakuna, isipokuwa Waislamu wa kwao wenye sheria yao ya 1977, na ndoa yenu ukaniambia kwenye sehemu niliyoikata kwamba ilifungwa kwa msajili Reading. Utaitafutia Uingereza, kwa mawakili wanaokula kwa saa, na huko pensheni yako ya kazini nayo inaweza kuwekwa mezani igawanywe. Umri huo, presha hiyo, matibabu ya bure ya Uingereza uliyaacha ulipohama, na nesi unaye ndani ya nyumba unataka kumfukuza.

Nenda leo ukaulize viza yako ya ndoa imefikia wapi, mwaka wa kwanza ni wa majaribio, na ukishapewa kadi ya ukaazi kila mwaka ndani ya siku 60 za mwanzo unaripoti uhamiaji, usije ukalaumu mke tena kwa hilo. Mwambie akupeleke kwa mwanasheria mkaandike wosia wote wawili. Tanga nendeni kutembea, wote wawili, miezi miwili mitatu, na safari hii wewe ndio utafsiri. Namba ya huyo mtu ifute mbele ya mkeo, na kama unaogopa kuifuta mbele yake basi umeshanijibu lile ambalo hukutaka kuniandikia.

Na mkeo akitaka kuniandikia upande wake aniandikie, Kiingereza nasoma.