Rozela badala ya soda

Dada, umeuliza uwape nini wageni wasiogusa pombe, na soda umezichoka. Mimi ningewapa kinywaji cha rozela, yale maua mekundu makavu ambayo wengine huyaita choya.

Chemsha lita 2 za maji na tangawizi mbichi iliyotwangwa, kijiti cha mdalasini na iliki chache. Epua, ndipo utie kikombe kimoja na nusu cha rozela kavu. Isuuze kwanza, maana ya sokoni huwa na mchanga hata ikionekana safi. Funika nusu saa, kisha chuja. Wengi huitokosa motoni muda mrefu mpaka inakuwa kama dawa ya kikohozi, wakati rangi na ukali hutoka vyenyewe kwenye maji ya moto. Sufuria ya alumini iache kabatini, asidi ya rozela huila. Tumia ya chuma kisichoshika kutu.

Sukari itie ikiwa bado vuguvugu, ila uamuzi wa mwisho ufanye ikishapoa kwenye friji, kwa sababu baridi hupunguza utamu. Ndimu kamulia mwishoni. Mimi sitii vanila, inaua harufu ya tangawizi.

Inakaa friji siku tatu hivi. Ukiona povu na chupa inatoa gesi, imeanza kuchachuka, na hapo huwezi tena kuwaapia wageni wako kwamba haina kileo!

Ah, na rozela huweza kushusha presha, kwa hiyo mgeni anayetumia dawa za presha au mjamzito mwambie mapema, na uwe na maji ya ukwaju pembeni.