Kwa Wanaoanza Kuhesabu Chekeamwezi Wadogo

Kila Januari, sensa ya ndege wa majini inapowadia, mimi huwaona vijana wenye bidii wakirudia kosa lile lile pale mto Sabaki, nchini Kenya, unapomwaga maji yake baharini: darubini ikishatulia tu, wanatafuta miguu ya chekeamwezi, ndege wadogo wanaodonoa kwenye tope, ili wawatambue kwa rangi yake.

Kwanza, basi, acheni miguu. Ni kweli kwamba kati ya aina mbili za chekeamwezi wadogo wanaofanana, Calidris minuta ana miguu myeusi na Calidris temminckii ana ya manjano inayoelekea kijani, lakini ndege anayechokoa tope kutwa nzima huvaa rangi ya tope hilo. Mwaka jana kijana mmoja mwenye macho makali alinionyesha kundi zima aliloliandika kuwa ni temminckii. Nilimwomba aweke daftari chini, tuhamie upande ambao jua lingekuwa mgongoni mwetu, kisha tuwatazame tu. Ndege wale walikuwa wamesongamana, wakikimbia huku na huko na kudonoa harakaharaka kwenye tope wazi. Temminckii hana papara hiyo. Hupenda kingo za maji baridi zenye majani, hunyata taratibu akiwa ameinama, na akishtuliwa hupaa juu kwa kasi huku akitoa mlio wa kutetema na kuonyesha weupe wa pembeni mwa mkia. Tulingoja hadi mmoja wao akaingia dimbwini na kutoka ameoshwa: miguu ilikuwa myeusi. Kijana akafuta mstari wake mwenyewe, nami nikamheshimu zaidi kwa hilo.

Pili, msikadirie ukubwa wa ndege aliye peke yake. Minuta ana urefu wa sentimita 12 hadi 14 tu, lakini hilo huonekana pale anaposimama karibu na Calidris alba, yule mweupe anayekimbizana na mawimbi, au Calidris ferruginea, mwenye mdomo mrefu uliopinda chini na kiuno cheupe anaporuka.

Tatu, fikeni maji yakianza kujaa, kwa sababu bahari yenyewe itawasogeza ndege karibu nanyi.

Na mkishindwa kabisa kumtambua, andikeni “Calidris”, jina la kisayansi la jenasi yao wote, pamoja na idadi, kisha mdomo, mwendo na mlio mlioushuhudia. Hesabu hizi hulinganishwa mwaka hadi mwaka, na jina la kubahatisha likishaingia humo, hakuna atakayejua namna ya kulitoa.