Anza na Pipa, Hanga Itakuja

Mtu akiniambia anataka kujenga kiwanja cha ndege za kivita kwenye simuleta, yaani programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, najua ataanzia wapi. Ataanza na hanga, lile banda kubwa la kuwekea ndege. Mimi pia nilianza na hanga, nikaikalia miezi minne, nikachonga kila msumari wa mlango. Nilipoiweka uwanjani ikasimama peke yake kama nyumba ya mtu aliyehama. Kiwanja hakikuwepo. Palikuwa na hanga na nyasi.

Ninachojenga ni Port Reitz ya 1942, palepale ulipo leo uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa. Nimekulia Changamwe, ndege zikipita juu ya bati letu mchana na usiku, na nilikuwa mtu mzima nilipojua pale palikuwa na jeshi la wanamaji. Aprili 1942 ndege za Japani, zilizoruka kutoka kwenye manowari, zilishambulia Colombo na Trincomalee, huko Sri Lanka. Waingereza wakarudisha meli zao Kilindini, na ndege zilizokuwa kwenye meli hizo zikahitaji pa kutua nchi kavu. Wanamaji wa Uingereza wana desturi ya kuviita viwanja vyao majina ya ndege wa porini, na huku kwetu waliyaokota kwenye Kiswahili: kituo cha Mombasa kiliitwa Kipanga, cha Nairobi Korongo. Nikisoma majina hayo kwenye karatasi za Kiingereza huwa nacheka.

Basi, pipa. Kambi yoyote ya ndege wakati ule ilijaa mapipa ya mafuta: yamesimama, yamelala, mengine yamepakwa rangi nyeupe kuonyesha mpaka wa njia. Pipa ni rahisi kuchonga, linarudiwa mara mia, na bora zaidi, kipimo chake hakibishaniwi. Pipa la lita 200 lina urefu wa karibu sentimita 88 na upana wa 58. Hata hivyo sikutaka kuamini karatasi, nikachukua futi kamba nikaenda kwa shangazi, ambaye analo la kuwekea maji uani.

“Wapima pipa langu, kwani wataka kulishonea nguo?”

Nikamwambia nalitia kwenye kompyuta. Akanitazama, akarudi kwa nazi yake.

Pipa langu la kwanza lilikuwa na pembetatu 4,000, vile vipande ambavyo kompyuta huunganisha kupata umbo, kwa sababu nilitaka duara liwe duara kwelikweli na zile pete mbili za katikati zitokeze. Pia nililipa ngozi yake peke yake, yaani ile picha inayovishwa modeli, ya pikseli 2048 kwa 2048. Picha ya ukubwa huo bila kubanwa inakula megabaiti 16 za kumbukumbu. Ukiwa na vitu ishirini, kila kimoja na ngozi yake, umefika 320, na bado hujaweka hata mti. Laptopu yangu ilianza kuvuma kama posho mill. Pipa ninalotumia sasa lina pande 12. Ubavu ni pembetatu 24, kifuniko 10, chini sina haja kwa kuwa hapaonekani. Jumla 34. Pete nimezichora kwenye ngozi, na kutoka kwenye kiti cha rubani hakuna atakayejua. Mapipa, masanduku, mahema na vibanda vyote vinagawana karatasi moja ya ngozi, yaani picha moja. Ukinisikiliza jambo moja tu humu ndani, liwe hilo la karatasi moja.

Natumia X-Plane. Blender ndiyo ya kuchongea, GIMP ya ngozi, na WED, inayotolewa bure na watengenezaji wa X-Plane wenyewe, ya kupanga vitu uwanjani. Simuleta nyingine zina njia zao, ila kupima na kupunguza ni kulekule.

Sasa ngozi, na hapa sisi wa Pwani tumebarikiwa. Watu huko nje wananunua picha za mabati yenye kutu. Mimi nafungua dirisha. Hewa ya chumvi imefanya kazi bure kwenye kila paa la mtaani, kutoka rangi ya chungwa hadi ile ya kahawa iliyoungua. Piga picha siku ya mawingu, maana jua likiwaka litakuachia vivuli ambavyo havifutiki, halafu ndani ya simuleta jua liko mashariki na kivuli cha ukuta wako kinaelekea hukohuko mashariki. Simama uso kwa uso na bati, usilipige upande. Bati la kawaida la mawimbi lina milimita 76 kutoka tuta hadi tuta, kwa hiyo picha inajipima yenyewe: hesabu nafasi kumi za tuta hadi tuta, umepata sentimita 76.

Kibanda cha Nissen ndicho kilichonifunza kuangalia bati vizuri. Ni kile kibanda cha nusu duara kilichobuniwa na Peter Nissen mwaka 1916, katikati ya vita ya kwanza, na Waingereza wakakisambaza popote walipopiga kambi. Kile kidogo kina upana wa futi 16, sawa na mita 4.88. Nilikichonga kwa dakika ishirini na nikajiona fundi, mpaka nilipolinganisha na picha. Matuta ya bati langu yalilala kwa urefu wa kibanda. Ya kweli hupanda kutoka chini, yakavuka mgongo na kushuka upande wa pili, kama mbavu za ng'ombe. Ukikosea hapo, mtu asiyejua chochote kuhusu jeshi bado atahisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Picha za zamani zitumie kama fundi anavyotumia uzi. Imperial War Museums, makumbusho ya vita ya Uingereza, wana mkusanyo mkubwa mtandaoni. Tafuta picha yenye ndege unayoijua, maana ndege ndiyo rula yako. Fairey Swordfish, ile ya mabawa mawili juu na chini, ina mita 13.87 ikifungua mabawa na kama mita 5.3 ikiyakunja. Hema likiwa ubavuni mwake, umbali uleule kutoka kwa kamera, unalipima kwa Swordfish. Likiwa mbele yake au nyuma, acha, utajidanganya.

Na angalia futi zisikupige chenga. Michoro ya Waingereza ya wakati ule iko kwa futi. Hanga ya aina ya Bellman ina urefu wa futi 175, mita 53 hivi. Mimi niliandika 175 kwenye Blender, nayo inahesabu mita. Nilipoegesha Swordfish ndani ilikuwa kama nzi msikitini. Nilikaa jioni nzima nikitafuta kosa kwenye ndege.

Makosa mengine niliyoyafanya zaidi ya mara moja. Ukikuza kitu kwenye Blender kwa kukivuta bila kubonyeza Ctrl+A na kuchagua Scale, kinaweza kutoka na ukubwa ambao hukuutaka. Ukuta ukiuona kutoka ndani lakini ukiwa nje unapotea, uso wake umegeuka: washa Face Orientation, sehemu nyekundu ndizo zimegeuka, kisha Shift+N. Kuta zako zote zishushe mita moja chini ya ardhi. Ardhi ya simuleta ina mabonde, na kibanda kilichoishia sifuri kitaonekana kinaelea pembe moja, mwanga ukipita chini yake.

Port Reitz ina tabu yake ya ziada, kwamba juu yake pamejengwa uwanja wa kisasa. Kwenye WED unachora eneo la kuzuia, ukaondoa jengo la abiria na magari ya leo. Halafu fungua faili la scenery_packs.ini uhakikishe folda yako iko juu ya zile nyingine zinazogusa uwanja huohuo.

Kuhusu kambi za jeshi za sasa, maoni yangu ni mafupi: achana nazo. Usiende kwenye ua wa jeshi na kamera ukamwambia askari unatengeneza mchezo wa kompyuta. Ya 1942 haina mlinzi, na ina mambo mengi zaidi ya kuchora.

Kiwanja changu sasa kina mapipa 212, mahema 18, vibanda tisa, lori tatu, na ile hanga ya miezi minne ambayo nimeisogeza pembeni, nusu imefichwa na minazi. Kinasoma fremu 38 kwa sekunde, yaani picha 38 zinazochorwa kila sekunde, kwenye laptopu ileile. Nilimpelekea rafiki anayetumia Linux, akanijibu kwamba kwake mapipa yote hayana ngozi. Log.txt, faili ambalo X-Plane huandika kila ikiwaka, lilikuwa limeeleza shida waziwazi: modeli iliita “pipa.png”, na mimi faili nililiita “Pipa.png”. Windows haijali. Linux inajali. Majina yangu yote sasa ni herufi ndogo, bila nafasi katikati, na Log.txt naisoma kabla ya kumtumia mtu chochote.