Zaburi 13 haihitaji sebene

Kijana mmoja wa Lubumbashi ameniandikia: "Yaya, nataka kanisa letu liimbe Zaburi ya kilio. Nikiileta kwenye kwaya wanasema ni wimbo wa matanga. Nifanye nini?" Nilicheka, maana hayo hayo niliambiwa hapa Goma na kamati yetu ya ibada. Mmoja alidai Mkristo hamuulizi Mungu maswali. Basi Daudi alikuwa nani?

Leo Zaburi 13 niliyoitungia melodi inaimbwa kwetu hata kwaya isipokuwepo. Juzi mama mmoja aliianzisha katikati ya maombi, kanisa zima likampokea. Kwa hiyo naona nina haki ya kushauri.

Chagua Zaburi fupi. Hii ina mistari sita tu, na "hata lini" inarudi mara nne katika miwili ya kwanza. Hicho ndicho kiitikio, usitunge kingine. Maneno marefu nilimpa kiongozi, mkutano nikauachia "hata lini" peke yake. Asiyejua kusoma anaimba, aliyechelewa anaimba. Sauti isipite re ya juu. Mapapa wa benchi za nyuma hawafiki huko, watanyamaza halafu watalaumu wimbo.

Tena angalia mkazo. Pigo zito likiangukia "ni" ya "lini", watu watakwama bila kujua kwa nini. Liangukie "li". Kwenye "utanisahau" liangukie "ha". Sema mstari mzima ukipiga makofi kabla hujagusa gita. Kupanga sauti nne utajua mwenyewe.

Kazi yenyewe iko mstari wa 5, pale Zaburi inapogeuka: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Wanamuziki wangu waliona hapo ndipo sebene, ile sehemu ya magita ya kasi ya kuchezea, iingie. Mpiga solo aliniambia wazi kwamba bila sebene watu hawatabarikiwa. Nilikataa, akahamia kanisa jingine, na bado inaniuma kwa sababu alikuwa na mkono mzuri. Lakini tuko Goma. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto katikati ya mji mwaka 2002, ikalipuka tena Mei 2021, na Januari 2025 vita vikaingia hadi mitaani. Kwenye benchi moja ameketi aliyezika mtoto pamoja na aliyepoteza nyumba mara mbili. Ukiwatoa kwenye "hata lini" ukawatia kwenye kucheza ndani ya nusu dakika, umewaambia huzuni yao inasumbua ibada. Mimi hapo nilinyamazisha ngoma, nikabakiza gita moja na melodi ile ile ya mwanzo, ila sasa inaishia juu badala ya chini. Furaha inaingia polepole, kama mtu anayejaribu kukanyagia mguu ulioumia.

Na wanaosema ni mambo mapya, wasome kichwa cha Zaburi yenyewe: "Kwa mwimbishaji." Yaani ilikabidhiwa mtu wa kazi kama yangu. Waprotestanti wa Geneva walikuwa na Zaburi zote 150 katika mashairi ya Kifaransa ya kuimbwa tangu 1562, za kilio zikiwemo. Yesu msalabani alichukua maneno ya Zaburi 22. Sisi ni nani hata tuimbe ushindi tu kila Jumapili, huku mtu akitoka nje kulia nyuma ya kanisa asije akaonekana hana imani? Wapendwa, tuache unafiki! Mungu hahitaji kamati ya kumkinga na maswali yetu.

Ndugu yangu wa Lubumbashi, usianze nayo siku ya sikukuu. Ipeleke kwenye maombi ya katikati ya wiki, watu wachache, bila vipaza sauti. Wamama wakishaishika, kamati itaikuta tayari inaimbwa. Ila baada ya hapo usikimbilie Zaburi 88. Hiyo haigeuki kabisa, inaishia gizani, na mimi mwenyewe bado naitafutia melodi.