Kabla hujasahihisha herufi moja

Ukijiunga na mradi wa programu huria utaambiwa uanze na makosa ya tahajia kwenye nyaraka. Ni ushauri mzuri, nami ndiko nilikoanzia. Ila usilione neno limekosewa ukakimbilia kulibadilisha. Jiulize kwanza: neno hili husomwa na mtu, au ni jina linalosomwa na kompyuta?

Chukua heda ya HTTP (mstari wa taarifa unaoambatana na ombi la kivinjari kwa seva) iitwayo Referer. Kiingereza sanifu kinataka referrer, lakini lilikosewa likaingia hivyo katika RFC 1945, hati ya mwaka 1996 inayoeleza HTTP, na mpaka leo vivinjari na seva vinalijua kwa kosa lake. Ukilinyoosha kwenye mfano wa msimbo, atakayenakili mfano wako atatuma heda isiyotambulika, na anaweza kuhangaika siku nzima bila kujua tatizo liko wapi. Heda iliyokuja baadaye, Referrer-Policy, imeandikwa sahihi, kwa hiyo unaweza kuzikuta zote mbili kwenye ukurasa mmoja, na zote ziachwe zilivyo. Mfumo wa Unix nao una creat, jina la wito wa kuunda faili, lisilo na e mwishoni.

Vilevile, sisi tuliosomea Kenya au Tanzania tumefundishwa kuandika colour. Mradi unaotumia color, tahajia ya Kimarekani, haujakosea.

Kingine kilichonigharimu: ukurasa wa kwanza niliousahihisha ulikuwa umezalishwa na mashine kutokana na maelezo yaliyomo ndani ya msimbo. Msimamizi wa mradi akanieleza kwa upole kwamba ukizalishwa tena, kosa litarudi. Ikabidi nifungue faili la msimbo na kusahihisha huko. Siku hizi naanza kwa git grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya faili za mradi, na vipande vya sentensi yenyewe, nione imezaliwa wapi, ndipo niguse kitu.

Usitume ombi moja la mabadiliko (pull request) kwa kila herufi. Oktoba 2020, wakati wa Hacktoberfest, kampeni ya kuhamasisha watu kuchangia programu huria, wasimamizi walimiminiwa maombi ya kuongeza neno moja lisilo na maana kwenye README (faili la utambulisho wa mradi), hata waandaaji wakabadilisha kanuni mwezi uleule ili ishirikishwe miradi iliyokubali tu. Wasimamizi wengi bado wana uchovu huo. Basi soma ukurasa mzima, kusanya makosa yake yote katika ombi moja, na kwenye kichwa cha ombi taja ulichofanya: "Kusahihisha tahajia kwenye mwongozo wa usakinishaji", kwa lugha ya mradi. Kichwa kinachosema "mabadiliko madogo" kinamlazimisha msimamizi kufungua faili ndipo ajue ulichogusa.