Shinjuku usiku: usimfuate mpiga debe

SWALI: Nitakaa Tokyo wiki moja, hoteli iko Shinjuku. Nasikia Japani hakuna wizi. Kuna la kujihadhari nalo kweli?

JIBU: Lipo. Wachomoaji wa mifukoni ni wachache, lakini wanaokula fedha za wageni hapo hawahitaji kukuingiza mkono mfukoni. Jioni Kabukicho, mtaa wa starehe za usiku wa Shinjuku, kijana nadhifu atakusogelea na Kiingereza chake chepesi: kunywa utakavyo kwa yeni 3,000, baa iko ghorofani hapo. Ukishaketi, mezani hakuna orodha ya bei, wasichana wanaagiza vinywaji kwa hesabu yako, kisha bili inakuja na ada ya kiti, ya huduma na ya usiku, mpaka makumi ya maelfu ya yeni. Vipaza sauti vya mtaa huo huonya watu wasiwafuate wapiga debe, na kazi yao imepigwa marufuku; bado wapo. Basi ingia baa uliyoichagua mwenyewe, yenye bei zilizobandikwa mlangoni. Glasi yako usiiache peke yake, hapo wala Roppongi, mtaa mwingine wa starehe wa Tokyo: wapo waliotiliwa dawa, wakazinduka kadi zao zimeshakwanguliwa.

Ukinaswa, usitoe kadi wala usikubali kusindikizwa hadi ATM. Piga 110, namba ya polisi, au dai mwende pamoja koban, kile kituo kidogo cha polisi cha mtaani. Ila polisi mara nyingi huona bili kuwa ugomvi wa wawili, na ukishalipa, kurudishiwa ni kazi ngumu.

Usichanganye hayo na otoshi, kibakuli cha kitafunio ambacho izakaya, baa ya Kijapani yenye vyakula, hukuletea bila kuagiza, kwa kawaida yeni 300 hadi 500 kwa mtu. Hiyo ni desturi halali, lipa.

SWALI: Asakusa, mtaa wa Tokyo wenye hekalu maarufu, kuna watu wenye kanzu za kitawa wanaogawa bangili, kisha wanadai mchango. Ni watawa kweli?

JIBU: Hapana. Mtawa wa Kijapani anayeomba sadaka husimama mahali pamoja na bakuli lake, akisoma sala. Hamwandami mtu wala hatoi daftari la kuandika kiasi cha mchango. Huyo mgawa bangili mrudishie bangili yake mkononi, uondoke.

SWALI: Na teksi za uwanja wa ndege?

JIBU: Tazama kibao cha namba. Teksi yenye leseni ina kibao cha kijani. Cheupe ni gari la mtu binafsi, na kwa kawaida halina ruhusa ya kubeba abiria kwa malipo. Anayekufuata ndani ya ukumbi wa kuwasili akikuuliza unaenda wapi, mpite, upange foleni kwenye kituo cha teksi nje.